Penye Mikaratusi ya Nyandwi

Jumatatu, 6 Novemba 1978

Daftari hili si langu, ni la kijiji. Nimekabidhiwa leo na Katibu wetu, Ndugu Idefonsi, mbele ya lori. Amesema, "Fundi Ansbert, sasa ni vita. Lori litapeleka chakula cha askari Biharamulo mjini kila Jumatatu na Alhamisi. Andika siku, saa, hali ya hewa na kila linalotokea. Usipoona jambo, andika kwamba hukuona." Hali ya hewa kaitaja kwa sababu zamani alikuwa bwana shamba, na mpaka leo hawezi kuandika tarehe bila kuandika mvua.

Basi naandika. Mvua tangu alfajiri. Lori limeondoka saa mbili na gunia arobaini za unga na maharage, limefika kabla ya saa nne. Hakuna jambo.

Mimi ni fundi pekee wa kijiji cha Tumaini, huku upande wa Nyarubungo. Kazi nilijifunza kwa mabruda wa misheni, na walichonifundisha kwanza haikuwa injini, ilikuwa kuhesabu spana kila jioni. Zangu ni kumi na saba. Watu wananiita mtu wa mashaka na sikatai. Anayeamini kila mtu huamka hana spana.

Lori letu ni la petroli, limezeeka, na watu wanaliita Jembe. Dereva ni Leonidasi, Mrundi, aliyekuja na mkewe Generoza mwaka sabini na mbili wakati ule wa wakimbizi. Anaendesha vizuri, haongei sana. Sina neno naye.

Alhamisi, 9 Novemba

Mvua. Lori limeenda na kurudi. Spana zote zipo.

Jumatatu, 13 Novemba

Mvua kubwa, tope hadi kwenye ekseli. Halikuzima. Felisita wa jirani amepita uani kwangu mara mbili bila sababu. Nimehesabu kuku.

Alhamisi, 23 Novemba

Jua kali, la kwanza baada ya wiki mbili. Leo kuna jambo. Leonidasi amefika mjini saa nne na robo. Anasema lori lilizima mlimani, penye mikaratusi, likakataa kuwaka kwa muda wa nusu saa, kisha likawaka lenyewe kana kwamba hapakuwa na kitu. Nimelikagua jioni. Nimepiga stata, limewaka mara moja. Nimeliacha likinguruma mpaka nimechoka kulisikiliza. Halina ugonjwa.

Jumatatu, 27 Novemba

Mvua. Halikuzima.

Alhamisi, 7 Desemba

Jua. Limezima tena, na pale pale penye mikaratusi. Nimeuliza saa: saa tatu na dakika chache. Mara ya kwanza pia ilikuwa saa tatu na dakika chache.

Nimekaa nikafikiri. Injini haijui mikaratusi. Injini ikiumwa huumwa popote, kwenye tope, sokoni, mbele ya kanisa. Mwenye kujua mahali ni mtu. Na pale penye mikaratusi yupo nani? Nyumba ni moja tu, ya mzee Nyandwi, mpika rubisi, ile pombe ya ndizi. Naye ni Mrundi.

Nimefungua kila kitu leo. Plagi safi. Platini nimezipiga msasa. Kabureta nimeipuliza. Koili sikuigusa, kwa sababu ni mpya. Niliifunga mwenyewe mwezi wa kumi baada ya ile ya zamani kufa. Lori ni zima.

Alhamisi, 14 Desemba

Jua. Leo nimekwenda na Leonidasi.

Nimekaa kushoto kwake, macho kwenye mikono yake tangu tulipoondoka. Hakuigusa swichi. Anaendesha kwa mkono mmoja kwenye gia na mmoja kwenye usukani, na anaimba puani nyimbo za kanisani za Kirundi. Tulipoanza kupanda mlima niliona anatazama mikaratusi kabla hatujaifikia. Nikajua sasa inakuja. Ikaja. Lori lilikohoa mara mbili, likazima.

Hakukasirika. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi, maana dereva anayezimiwa na gari mlimani akiwa na gunia arobaini lazima atukane kidogo. Yeye alishuka, akaweka jiwe nyuma ya tairi, akachukua panga, akaenda migombani kwa Nyandwi.

Dawa yake ni dawa ya madereva wote wa huku. Petroli ikipata joto kwenye pampu hugeuka mvuke na injini hukosa cha kunywa. Basi unakata gamba la mgomba, lile nene lililojaa maji, unalifunga juu ya pampu, unangoja ipoe. Mimi mwenyewe nimeifanya dawa hiyo miaka ishirini. Lakini leo, wakati yeye yuko migombani, nilifungua mrija wa petroli upesi. Petroli ilitoka safi, baridi, haina hata povu. Kwa hiyo si mvuke. Pampu ni nzima. Nikafunga kimya kimya, sikumwambia.

Aliporudi akafunga gamba lake kubwa, likafunika pampu na kila kilicho jirani. Nyandwi akatuita uani. "Karibuni mukae kivurini," akasema, na akatuletea rubisi kwenye kibuyu. Wakaongea Kirundi na kucheka. Nilikunywa kidogo kwa adabu. Baada ya nusu saa Leonidasi akapiga stata, lori likawaka.

Njiani akaniambia maneno ambayo nayaandika kama alivyoyasema: "Sikupingi, fundi, wewe ndiye mkubwa wa kazi. Lakini mimi nakaa nalo kila siku. Akipoa anakubali. Akipata joto anakataa. Si petroli. Kuna kitu humo kinachoka kwa joto."

Mtu asiye na kosa hahitaji maelezo marefu hivyo.

Jumatatu, 18 Desemba

Mvua. Nimekwenda naye tena. Halikuzima. Bila shaka kwa sababu sasa anajua kwamba natazama.

Jumatatu, 25 Desemba

Noeli. Hakuna safari. Generoza ameniletea mkungu wa ndizi na salamu za mumewe. Nimepokea, nimeshukuru, na mpaka sasa najiuliza kwa nini mwaka huu na siyo mwaka jana.

Alhamisi, 28 Desemba

Mawingu, manyunyu. Halikuzima.

Jumatatu, 8 Januari 1979

Kiangazi kifupi kimeingia. Jua. Limezima, mikaratusi, saa tatu na robo.

Alhamisi, 11 Januari

Jua. Limezima, mikaratusi.

Jumatatu, 15 Januari

Jua la kupasua vichwa. Limezima, mikaratusi, na leo kusubiri kumekuwa kwa saa nzima. Tulipofika mjini magari ya jeshi yalikwisha ondoka. Ofisa aliyebaki alitutazama, akautazama mzigo, akasema kwa sauti ya chini, "Kuna vijana wameondoka hapa leo na biskuti tu." Hakutukemea. Afadhali angetukemea. Nina mpwa wangu huko mbele, mtoto wa dada yangu Deodata wa Kanazi, na sijui amekula nini.

Nimerudi na hasira ambayo haijanitoka hadi naandika. Nimepanga mambo moja baada ya jingine. Lori likiwa uani kwangu halina ugonjwa. Likienda na mzigo linazima. Likirudi tupu halizimi hata siku moja. Chakula cha askari tu ndicho kinacholishinda. Linazima mahali pamoja, nyumbani kwa Mrundi mwenzake. Petroli inafika. Nikiwa naye siku ya mvua halizimi, nikiwa naye siku nyingine linazima, kwa hiyo Leonidasi ana namna ambayo macho yangu hayajaiona, labda waya chini ya kiti. Nimepapasa chini ya kiti. Sikuona waya. Mtu mjanja huutoa.

Katibu ameniuliza usoni: "Fundi, ni mashine au ni mtu?" Nimemwambia anipe siku tatu. Lakini jibu nilikuwa nalo tayari mdomoni.

Alhamisi, 18 Januari

Safari haikufanyika. Kamati ya kijiji imekaa ofisini tangu saa tatu. Mwenyekiti Xavery alifungua kwa sala, kisha Katibu akaniita nisimame.

Nimesema, "Ndugu zangu, mimi kwa ufundi wangu nimelikagua lori hili mara nne. Mashine ni nzima."

Sikusema zaidi. Haikuhitajika. Watu wote waligeuza shingo wakamtazama Leonidasi, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, kofia magotini.

Felisita, ambaye ni mjumbe, akamuuliza, "Ukirudi mbona halizimi?"

"Kurudi ni tupu, mama, na jua linakuwa limepungua."

Wakacheka. Mimi pia nilicheka.

Mwenyekiti akamuuliza kama ana la kujitetea. Akafikiri kidogo, akasema, "Mimi nitalizimaje gari linalonilisha? Mkinitoa kwenye usukani nina nini tena hapa Tanzania?" Halafu akanitazama mimi. Hakuwa na uso wa chuki. Alinitazama kama mgonjwa anavyomtazama mganga aliyekosea dawa, na nikainamisha macho, jambo ambalo silielewi kwa sababu sina kosa.

Mgambo wamemfungia stoo ya kijiji, kwenye magunia ya maharage. Katibu amesema atapelekwa wilayani Jumatatu ya tarehe ishirini na tisa, pamoja na ripoti yangu kwa maandishi. Wakati wa vita neno la hujuma si neno la kucheza nalo. Mtu anaweza kuingia ndani kwa neno hilo na watoto wake wakakua hayupo. Nimeambiwa niandike vizuri, kwa tarehe.

Jumatatu, 22 Januari

Jambo la ajabu, mvua imenyesha katikati ya kiangazi, usiku na mchana. Dereva wa leo ni Anatoli, mpwa wa Katibu. Lori limepanda mlima, limepita mikaratusi bila hata kukohoa, limefika saa tatu na nusu.

Kijiji kizima kimelipokea jioni kama timu iliyoshinda. Katibu amenishika bega akasema, "Fundi, macho yako yanaona mbali." Nimefurahi. Siwezi kusema uongo, nimefurahi sana.

Alhamisi, 25 Januari

Mvua tena, na baridi. Anatoli ameenda na kurudi. Halikuzima.

Asubuhi Generoza alinikuta kisimani. Alipiga magoti akasema, "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja kuuliza. Mume wangu anasema yeye hakuzima gari. Wewe unajua gari. Nimwamini nani?"

Nimemwambia aiachie kamati. Hakuondoka. Akasema, "Kamati inakuamini wewe," akabeba ndoo yake akaenda. Spana kumi na saba.

Jumamosi, 27 Januari

Naandika polepole.

Mchana baada ya chakula nilikaa mezani na karatasi safi ili niandike ripoti kwa tarehe, kama nilivyoambiwa. Nikafungua daftari hili na kuanza kunakili siku ambazo lori lilizima. Tarehe ishirini na tatu Novemba: jua. Tarehe saba Desemba: jua. Nilikuwa nanakili na hali ya hewa kwa sababu imeandikwa pale na mkono ulikuwa umezoea. Tarehe kumi na nne: jua. Nane Januari, kumi na moja, kumi na tano: jua, jua, jua. Ile ya kumi na tano, ambayo tulingoja saa nzima, nimeandika jua la kupasua vichwa.

Nikasimamisha kalamu. Nikarudi nyuma kutazama siku ambazo halikuzima. Mvua, mvua, mvua, manyunyu. Tarehe kumi na nane Desemba nilisema halikuzima kwa sababu anajua natazama. Pale juu pameandikwa mvua. Siku mbili za Anatoli ambazo kijiji kimezishangilia, zote mbili mvua.

Nimesoma daftari zima mara tatu nikitafuta siku moja tu ya jua ambayo lori lilipita, au siku moja ya mvua ambayo lilizima. Haipo. Na mikaratusi nayo si siri: kutoka hapa mpaka pale ni mwendo wa saa moja, nusu yake mlima, na mzigo juu. Pale ndipo injini inapopata joto lake lote. Nyandwi angejenga nyumba yake kilomita tano nyuma, tungeushuku mkaratusi wenyewe.

Halafu nikafika tarehe kumi na nne. "Akipoa anakubali. Akipata joto anakataa. Si petroli. Kuna kitu humo kinachoka kwa joto." Aliniambia. Nimeandika mwenyewe, kwa wino wangu, na chini yake nimeandika kwamba mtu asiye na kosa hahitaji maelezo marefu.

Kinachochoka kwa joto, na si petroli, ni moto wa plagi. Na moto wa plagi unatoka kwenye koili, kile kichupa cheusi cha chuma kinachochukua umeme mdogo wa betri na kuufanya mkubwa. Kinakaa shibiri moja tu kutoka pampu. Gamba la mgomba la Leonidasi lilikuwa linafunika vyote viwili. Tulidhani tunaitibu pampu, kumbe aliyekuwa anapona ni jirani yake.

Nimefungua kila kitu katika lori lile isipokuwa koili. Sasa niseme kwa nini, maana daftari hili nimelificha jambo tangu mwanzo.

Koili ile si mpya. Mwezi wa kumi lori lilikuwa limelala wiki tatu, spea hakuna popote, na kila aliyepita uani kwangu aliniuliza kama mimi ni fundi au mlinzi wa vyuma. Nikaaga kwamba nakwenda kumtazama dada Kanazi. Nilifika Kanazi kweli, nikalala, kesho yake nikashika basi hadi Kabanga, mpakani mwa Burundi, na mfukoni mwa begi nilikuwa na kahawa yangu ambayo ilipaswa kuuzwa kwenye chama cha ushirika. Nikaibadilisha na mtu wa ng'ambo kwa koili iliyofungwa kwenye gazeti. Ilikuwa inang'aa. Ilinuka rangi mbichi, na mimi ninayehesabu kuku niliambiwa ni mpya nikaamini, kwa sababu nilitaka kurudi na kitu. Nikawaambia kamati nimeipata mjini.

Mtu wa mashaka. Nimemshuku kila mtu isipokuwa yule aliyeifunga.

Ripoti sijaandika.

Jumapili, 28 Januari

Jua tangu asubuhi. Sikwenda kanisani. Nilingoja watu wapite, nikafungua boneti, nikaweka birika jikoni. Generoza alikuwa anatoka stoo kumpelekea mumewe uji, nikamwita. Nilihitaji mtu wa kuzungusha hendeli mbele, na nadhani nilihitaji pia shahidi, ingawa ningeweza kumtafuta mwingine yeyote.

Nikachomoa waya mkubwa wa katikati, nikaufunga kwenye kijiti kikavu, nikausogeza karibu na chuma cha injini. Nikafungua swichi. "Zungusha." Ana nguvu kuliko Anatoli. Cheche ikaruka, ya buluu, nene, ikalia tap, tap, tap.

"Huo ndio moto," nikamwambia. "Sasa uone."

Nikachovya matambara kwenye maji ya birika yaliyochemka, nikayazungushia koili. Nikabadilisha mara tatu, mpaka chuma kikawa hakishikiki. "Zungusha." Cheche ikaja nyembamba, ya njano. Nikaongeza tambara jingine, tukangoja kidogo. "Zungusha." Akazungusha mpaka jasho likamtoka puani. Hakuna kitu. Waya ulikaa pale kama kamba ya kuanikia nguo.

Nikatoa matambara, nikafunga gamba bichi la mgomba. Tukakaa chini wote wawili, kengele ya kanisa ikalia. Baada ya muda nikamwambia azungushe tena. Tap, tap, tap. Buluu.

Nikachukua kisu nikakwangua rangi nyeusi ya koili. Chini yake kulikuwa na kutu, na chini ya kutu rangi ya kijani ya mtu mwingine, wa zamani.

Generoza aliangalia yote haya. Akaweka hendeli chini. "Kwa hiyo ni hiki."

"Ndicho."

"Nani alikifunga?"

"Mimi."

Akafuta mikono kwenye kitenge, kidole kimoja kimoja. Nilidhani atanitukana na nilikuwa tayari. Akasema, "Kesho wanamchukua asubuhi. Utasema wewe, au niseme mimi?"

Nimemwambia nitasema mimi. Naogopa. Nina miaka hamsini na nne na sijawahi kuogopa hivi, hata siku jeki ilipoteleza nikiwa chini ya gari.

Jumatatu, 29 Januari

Jua. Mgambo walikuwa wamekwisha mtoa stoo na kumfunga mikono nilipofika na birika. Kamati yote ilikuwa uani, na Anatoli kwenye usukani. Nikamwambia Mwenyekiti Xavery, "Kabla hamjaondoka, naomba muone kitu." Katibu akasema mzigo unachelewa. Nikasema mzigo utachelewa tu, leo kuna jua.

Nikafanya kama jana, mbele yao wote. Felisita nilimwomba ashike waya mwenyewe kwa kijiti, kwa sababu yeye ndiye mgumu kuliko wote. Cheche ilipokufa akasema, "Eeh." Ilipofufuka chini ya mgomba akarudia, "Eeh," akamgeukia Katibu. Nikasoma tarehe, jua na mvua, moja baada ya nyingine, mpaka wakaanza kunijibu wenyewe kabla sijamaliza kutaja siku.

Ndugu Idefonsi si mjinga. Alichukua koili, akaitazama pale nilipokwangua, akauliza kwa upole, "Fundi, ulituambia hii umeinunua mjini. Mjini wanauza kutu?"

Hapo ndipo penyewe. Ningeweza kusema nilidanganywa mjini. Sentensi ilikuwa tayari, fupi, na hakuna ambaye angeipinga. Leonidasi alikuwa amesimama pale na kamba mikononi, anatazama injini.

Nikasema, "Niliipata Kabanga, kwa magendo, kwa kahawa yangu. Nilijua ni kosa. Nilipokagua lori sikuifungua kwa sababu sikutaka mtu aione. Mtu huyu hana hatia. Mashine ndiyo mbovu, na ubovu niliufunga mimi."

Mwenyekiti akavua miwani akaifuta, akaagiza kamba ifunguliwe.

Leonidasi hakuja kunisalimu, wala kwa mkewe hakwenda kwanza. Alikwenda kwenye boneti. Akainama, akaigusa koili kwa nyuma ya kidole kama mtu anayepima homa ya mtoto. Siku kumi na moja kwenye magunia, alinuka maharage. Akasema bila kunigeukia, "Nilikuambia kinachoka."

"Uliniambia. Tarehe kumi na nne Desemba."

"Uliandika?"

"Niliandika."

"Basi ulikuwa unasikia," akasema, akafunga boneti.

Nimefikiria maneno hayo siku nzima. Angenipiga kofi ningekwisha lisahau.

Alhamisi, 1 Februari

Naandika chini ya mikaratusi, kwenye jiwe, mgongo nimeuegemeza kwenye tairi. Huu utakuwa mwisho wa daftari, kwa sababu natakiwa kulikabidhi wilayani pamoja na mimi mwenyewe, nikaeleze habari za kahawa na Kabanga. Sijui watasema nini. Katibu ameandika barua, hajanionyesha, nami sikuomba kuiona.

Koili nyingine haijapatikana. Kamati imeamua lori liende hivyo hivyo, na gamba la mgomba safari hii lifungwe mahali pake. Usukani ameshika Leonidasi. Spana nimemwachia Generoza asubuhi. Alifungua kisanduku, akaniuliza ziko ngapi. Nimemwambia sikuzihesabu, na ni kweli.

Nasindikizwa na mgambo, Nshoma, kijana wa Kisubi aliyehamishiwa kwetu wiki hii, ambaye hajasikia lolote la lori hili. Tulipoanza mlima Leonidasi akatazama mikaratusi. Lori likakohoa mara mbili, likazima. Gamba lilikuwa limekauka. Akashuka bila hasira, akaweka jiwe, akachukua panga, akaenda kwa Nyandwi. Kabla hajafika migombani akasimama, akanigeukia, akaniuliza, "Fundi, nikate moja au mawili?" Ni mara ya kwanza kuniuliza kitu tangu siku ile alipofunga boneti.

"Mawili," nikamwambia.

Nshoma anamfuata kwa macho. Ameliangalia lori, ameiangalia nyumba ya Nyandwi, amesikia Kirundi na kicheko kutoka uani. Ameniinamia sasa hivi na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, huyu dereva huwa anasimama hapa hapa kila siku?"

Nimemwambia ndiyo, hapa hapa.

Ametoa kipande cha karatasi mfukoni na kalamu ya risasi. Ameniuliza ni saa ngapi. Nimemwambia ni saa tatu na dakika chache, na nimemwambia aandike pia kwamba kuna jua.